Harusi Isiyo na Mlango

Nimefungisha ndoa za watu kwa miaka mingi kuliko wengi wao walivyodumu ndani yake, na sikuwahi, hata mara moja, kufungisha ndoa mahali pasipo na mlango. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu zipo simulizi nyingine zinazozunguka mjini kuhusu yaliyotokea Pweto, nyingi zikitoka kinywani mwa dada yangu, na inafaa angalau moja iwe sahihi.

Nilikuwa afisa wa hali ya raia katika mojawapo ya komine, yaani manispaa, za Lubumbashi hadi nilipostaafu. Waliozaliwa, waliooana na waliofariki, wote walipitia mezani pangu. Katika ofisi yetu kulikuwa na kanuni moja niliyoipenda kuliko zote: wakati wa kufungisha ndoa, mlango wa chumba uachwe wazi. Si kwa ajili ya hewa, ingawa hewa nayo ilihitajika. Uachwe wazi ili mtu yeyote mwenye pingamizi aweze kuingia na kulitamka mbele ya wote. Bila mlango wazi, ndoa ni maongezi ya watu wawili tu, na maongezi hayaandikwi popote.

Basi binti yangu mdogo alipokuja Jumapili moja na mchumba wake, wakaketi sebuleni bila kuegemea, nilidhani wamekuja kuzungumzia ukumbi. Nilikuwa tayari. Nilikwisha kutembelea kumbi mbili upande wa Karavia, na moja ilikuwa na mlango mzuri sana, wa mbao, wenye mabawa mawili.

Mchumba huyo ni mwalimu wa hesabu, kijana wa familia iliyotoka Kasai tangu enzi za babu yake. Ni mtu mpole, mwenye kasoro moja: hucheka kabla ya kusema. Mahari ilikwisha kupokelewa kwa heshima zote. Hapakubaki ila harusi.

"Papa, siye hatutaki sali," binti yangu alisema, yaani ukumbi. "Tunataka kuoana ku mawe, juu ya mayi. Na bantu kumi na mbili tu."

"Mawe gani?"

Akanipa simu yake. Kulikuwa na picha ya bibi na bwana harusi wa nchi nyingine, wamesimama kwenye ukingo wa jabali, bahari ikichafuka chini yao, shela ikivutwa na upepo kama bendera. Hapakuwa na paa. Hapakuwa na kiti. Hapakuwa na meza.

"Hawa wanasaini wapi?" niliuliza.

Mchumba akacheka. "Ku mugongo ya bwana, papa."

Niliwakumbusha jiografia. Nchi yetu ina bahari, ndiyo, lakini kipande chenyewe ni chembamba kama upindo wa kitenge, na kiko mwisho mwingine kabisa wa nchi. Kutoka uwanja wetu wa Luano ni ndege, kisha ndege nyingine, kisha gari, na ukifika huko humjui mtu.

"Bahari ya nini?" mke wangu alisema kutoka jikoni. Yeye ni mzaliwa wa Pweto, mji wa kando ya ziwa, na jamaa zake wote wamekula, wamekausha na kuuza samaki wa ziwa lile. "Kwetu mayi haiko? Mawe haiko? Ile mawe kubwa ya pa nyumba ya mama, batoto bangu bote balikuwa banapanda pale ku vakansi."

Binti yangu hakuonyesha kushangaa. Nikaelewa kwamba jambo hili lilikwisha kupita katika baraza moja kabla ya kuletwa katika langu.

Nilipinga. Nilisema ndoa si matembezi. Nilisema watu kumi na wawili ni hesabu ya abiria, si ya harusi. Nilisema nimekula harusi za wenzangu wa kazi na sasa wataniuliza yangu iko wapi. Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunitahadharisha.

"Papa, ku ndoa ya yaya, ulikaa saa gani?" Alikuwa anamzungumzia dada yake mkubwa.

"Nilikaa."

"Haukukaa. Ulikuwa ku mulango na bantu ba protokole. Unapanga viti, unagombana na ule muntu ya muziki. Yaya anafunuliwa shela, anakutafuta na macho: hauko. Anakata keki: hauko. Miye nataka papa yangu akae pa kiti, aone ndoa yangu mupaka mwisho. Ukishindwa, tutaenda siye babili tu, na utasikia ku telefone."

Walipoondoka nilikwenda kuitazama albamu ya harusi ile, ili nimrekebishe kwa ushahidi. Katika picha moja mkono wangu unaonekana pembeni, umeshika kiti. Niliirudisha albamu kabatini.

Nikakubali, lakini kwa sharti moja: kila kitu kifuate utaratibu. Afisa hatoki ofisini kwake kwenda kufungisha ndoa nje ila kwa sababu nzito, na uzuri wa mahali si sababu nzito. Nikatafuta sababu, nikaipata karibu: mama mkwe wangu, ambaye wajukuu wote humwita kambo, kama tunavyowaita mababu na mabibi kwetu. Miguu yake haimfikishi tena popote zaidi ya ua wake, na ua wake unapakana na lile jabali. Nikampigia simu afisa wa Pweto. Alikuwa mtu makini, mwenye kuvuta pumzi kabla ya kila kifungu. Nilihisi nazungumza na nafsi yangu ya zamani, kabla sijapata kisukari.

"Sababu nzito ni ipi, mukubwa?" aliuliza.

"Miguu ya mama mkwe wangu."

Alitafakari. "Miguu ya mama mukwe inatosha."

Ni mimi niliyemuuliza kuhusu tangazo. Nalisema waziwazi, kwa kuwa dada yangu hulieleza kama jambo lililofichuliwa. Ndoa hutangazwa kwanza. Hilo halina mjadala. Afisa akaniambia kwamba ubao wao wa matangazo umepoteza kioo, na upepo wa ziwa hauachi karatasi hata moja. Nikamwambia atumie njia nyingine yoyote iliyozoeleka pale, mradi tangazo litaje siku, saa na mahali, ili mwenye pingamizi ajue pa kulileta. Nilisema hivyo, na leo ningesema vilevile. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuona mtu akisoma tangazo la ndoa isipokuwa anasubiri mvua ipite.

Kuhusu dada yangu, sharti nieleze kwamba hakuwemo katika wale kumi na wawili. Binti yangu ndiye aliyeamua, kwa hoja kwamba shangazi mmoja huyu ni sawa na wageni arobaini. Habari zilimfikia kabla sijamaliza kutafuta maneno ya kumwambia.

"Muko na akili?" aliniuliza mlangoni pangu, akikataa kuingia. "Mutoto ya kaka yangu anaolewa ku mawe sawa mbuzi, na miye shangazi siko?"

"Watu ni kumi na wawili tu, dada."

"Basi munihesabu pamoja na viti."

"Haiwezekani."

"Sawa. Umesema mwenye kupinga anaruhusiwa kuya? Miye nitakuya kupinga."

Tulisafiri kwa gari la kuazima, tukimeza vumbi. Katikati ya safari lori la samaki lilitupita, likirudi tupu Pweto, likipiga honi. Juu yake, kwenye marundo ya magunia, aliketi mwanamke aliyevaa kofia ya kanisani, akatuinulia mkono taratibu kama mkuu wa mkoa anayekagua gwaride. Mke wangu alicheka hadi akaomba maji. Mimi sikucheka.

Asubuhi ya harusi nilitoka mapema katika nyumba ya kambo, nikiwa na suti, kwenda kukagua viti. Njia ya kupanda jabalini hupita kati ya mawe mawili makubwa yaliyokaribiana, kisha hufunguka kwenye uwanja mdogo, na baada ya uwanja huo hakuna kitu ila ziwa, chini kabisa, likimeta. Viti kumi na viwili vilikuwepo, kama nilivyoagiza. Chini ya mawe mawili kulikuwa na watu. Nitasema tu kwamba walikuwa wamekuja na mikeka. Akina mama walikwisha kuwasha makaa na kukaanga mandazi.

Mbele kabisa aliketi mzee mmoja, megafoni mapajani, amejawa na fahari. Ndipo nikaielewa ile njia iliyozoeleka. Alikuwa ametembea soko zima na fukwe zote akitangaza siku, saa na mahali, neno kwa neno, kama nilivyoagiza.

"Mama," nilimuuliza mwanamke wa karibu, "una pingamizi?"

"Hapana, papa. Tunakuya kuona ule mwenye atapinga."

Binti yangu akatoka nyumbani kwa kambo na gauni lake, mama yake akimshikia upindo. Alitazama mikeka, makaa, megafoni. Kisha akanitazama mimi.

"Papa. Uliita banani?"

"Sikumwita mtu. Nilitangaza."

Mchumba akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka bila kusema chochote baadaye.

"Miye najua itakuwa namna gani," binti yangu alisema, sauti yake ikiwa ndogo. "Utapanga bantu, utatafuta mikeka, utagombana na ule wa megafoni. Tutarudia ku Lubumbashi. Jumatatu tutaenda siye babili ku ofisi." Akageuka kuelekea nyumbani.

Nilitazama yale mawe mawili. Nikaenda nikasimama katikati yake, nikanyoosha koti, nikatumia sauti niliyokuwa nikiitumia ofisini Jumamosi, siku za msongamano.

"Mabibi na mabwana! Ndoa hii ni ya wazi. Kutoka hapo mlipo mtasikia kila neno. Lakini chumba ni kidogo, na hapa ndipo mlango."

"Chumba gani, papa?" mtu akapaza sauti. "Iko mbingu!"

"Mlango uko wapi?" mwingine akauliza.

"Mlango ni mimi."

Walicheka sana, lakini wakaketi. Mtu akisema kama ofisi, watu humtii hata akiwa juu ya jiwe. Binti yangu alisimama akitazama. Halafu akarudi, akapita kando yangu bila kuniangalia, na wengine wakamfuata, vijana wawili wakiwa wamembeba kambo katika kiti chake kama malkia aliyekasirishwa na barabara.

Ndoa ikaanza. Nilikuwa nimeligeuzia ziwa mgongo na nyuso zangu za kutazama zilikuwa za watu wa Pweto. Nyuma yangu nilisikia afisa akivuta pumzi, akisoma. Mama wa mandazi alipoinamisha kichwa upande, nilijua upepo umeichukua shela. Wasichana walipoibana midomo, nilijua kijana amecheka kabla ya kujibu. Ilikuwa ndoa nzuri, kadiri nilivyoweza kuisoma katika nyuso hizo. Kisha kusoma kukakoma.

"Papa."

"Naam."

"Uko wapi?"

"Mlangoni."

Watu wakacheka. Binti yangu hakucheka. "Iko vile vile," alisema. "Sawa tu na ya yaya."

Nikasimama pale, na nakiri kwamba sikujua mtumishi afanye nini kanuni na mtoto vinapomwita kwa wakati mmoja. Ndipo kofia ya kanisani ikainuka katikati ya mikeka na kuja juu, watu wakiipisha.

"Toka," dada yangu aliniambia. "Umesimama vibaya. Kulinda mutoto ya kaka ni kazi ya shangazi."

"Wewe ulisema unakuja kupinga."

"Toka, nasema. Kiti yako inakungojea."

Akajipachika kati ya mawe mawili, mikono kiunoni, na njia ikaziba hata kwa jogoo. Nikaenda kuketi karibu na kambo. Kiti kiliyumba juu ya mwamba. Kambo akaweka kiganja chake gotini pangu, akakandamiza, kama mtu anayezuia kitambaa kisipeperuke. Sasa niliuona uso wa binti yangu. Sitauelezea, ulikuwa kwa ajili yangu.

Afisa akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Umati wote, mikeka yote, ukamgeukia dada yangu. Yeye akatengeneza kofia, bila haraka.

"Munaniangalia nini?" alisema. "Miye niko mulango. Mulango haisemi kintu."

Shangwe zilikuwa kubwa hata afisa akapoteza mahali alipofika, na alipoendelea, akaruka sentensi moja. Naifahamu sentensi hiyo kwa moyo. Magoti yangu yalianza kuinuka yenyewe. Binti yangu akageuza kichwa, akanitazama, akisubiri.

Nikakaa.

Kwa usahihi wa kumbukumbu: sentensi ile ilisomwa baadaye, uani kwa kambo, juu ya sahani za samaki, mbele ya mashahidi wote. Nilihakikisha. Na mzee wa megafoni aliirudia, ili wale wa nyuma wasikie.