Kompyuta Iliyovaa Soksi

Anayesema kompyuta zilikuwa mambo ya matajiri wa Milimani hakumjua Awuor wa Manyatta. Yake ilivaa soksi.

Ilikuwa soksi ndefu ya nailoni, ya kwenda nayo kanisani, iliyotoboka kisiginoni. Awuor aliikata akaifunga nyuma ya mashine, pale feni inapovutia hewa, maana aliyeishi Kisumu anawajua wadudu wa ziwa. Wanatoka majini wingu zima, wanafuata taa, wanaingia kwenye chai, puani, na kwenye feni. Bwana Hiram, mwenye duka la kuchapa barua alikoajiriwa Awuor, alicheka mpaka akashika mbavu. Mdharau mwiba, basi, tutaona.

Mwaka ulikuwa 1998. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu ya duka, ya kutupwa, na Awuor alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux kutoka kwenye CD iliyokuja na jarida. Skrini ikabaki nyeusi yenye maandishi meupe tu.

"Hii ni kompyuta ama ni kaburi?" Hiram aliuliza.

Lakini kaburi hilo lilimpa Awuor raha. Siku moja aligundua kwamba ukianza neno, kitufe cha Tab kinakumalizia. Siku nyingine akagundua kwamba mshale wa juu unarudisha agizo la mwisho bila kuliandika upya. Alitembea mpaka nyumbani Manyatta akitabasamu peke yake, na watu wakamtazama.

Aliyemsikiliza akisimulia hayo bila kumcheka ni Mama Benta, kiongozi wa wafinyanzi wa Katito. Akina mama hao walitaka ukurasa kwenye mtandao ili mnunuzi wa ng'ambo avione vyungu vyao. Awuor alipokwenda kuvipiga picha, alimkuta Mama Benta akigonga kila chungu kwa kidole.

"Macho yanadanganywa, nyathina, mwanangu," alisema. "Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa."

Maneno hayo Awuor alirudi nayo mjini. Akaiandikia mashine yake maagizo: laini ya simu ikikatika, piga tena, endelea ulipoachia, ukurasa wote ukifika, lia.

Mnunuzi aliahidi kuutazama ukurasa asubuhi moja tu, kabla hajachagua wafinyanzi wa kununua kwao. Jioni ya kuamkia asubuhi hiyo Mama Benta alikuja dukani kushuhudia ukitumwa. Hiram alikuwa ameshabandika karatasi ya INAUZWA juu ya mashine ya Awuor.

"Nautuma kwa mashine yangu mpya," alisema. "Hiyo yako kesho inaenda, na wewe unarudi kuchapa barua."

Awuor akakaza fundo la soksi yake.

Joto lilikuwa kali, dirisha wazi, taa zote zinawaka. Hiram hakuwa ametuma hata chungu kimoja wakati wadudu walipoingia. Walijaa kwenye skrini yake ing'aayo mpaka herufi zikapotea. Feni ikawavuta, ikasaga, ikasimama, na mashine mpya ikazimika.

"Basi tumekwisha," Mama Benta alisema.

Awuor alifunga dirisha akazima taa. Akahamisha waya wa simu kwenye mashine yake, akaizima hata skrini, pasibaki chochote cha kuwaita wadudu.

"Sasa utaandika vipi bila kuona?" Hiram aliuliza gizani.

"Siandiki, Bwana Hiram. Niliandika mchana."

Alipapasa akabonyeza mshale wa juu, kisha Enter. Mashine ikaanza kupiga simu Nairobi. Laini ikakatika. Ikapiga tena, ikakatika tena. Awuor aliogopa waziwazi. Aliomba Mungu kwa Dholuo, lugha ya kwao. Wakasikiliza, wadudu wakigonga kioo cha dirisha.

Kisha mashine ikalia, mlio mmoja safi.

"Ni nini hiyo?" Hiram aliuliza.

"Ni kizima," Mama Benta alijibu, akaanza kupiga vigelegele.

Asubuhi simu ya ng'ambo ikaja. Mnunuzi alikuwa ameviona vyungu vyote, na alivitaka, vikubwa na vidogo. Mama Benta alicheza katikati ya duka, wateja wakampisha.

Hiram aliibandua ile karatasi ya INAUZWA akaibandika kwenye mashine yake iliyojaa wadudu. Akaitazama, akaibandua tena. Akamsogelea Awuor, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile soksi ya pili bado anayo.