Kisamvu cha Wapolinesia

Binti yetu ndiye aliyetukatia tiketi za onyesho la ngoma za Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki. Alisoma mahali kwamba muziki huwaamsha wagonjwa wa kusahau, akaning'ang'ania mpaka nikasalimu amri. Mwaka wa pili huu mume wangu hanijui. Ananiita dada, anadhani mimi ni mhudumu niliyeletwa na kaunsili, halmashauri ya mtaa. Na kazi yangu ndiyo hiyohiyo: nashinda nikiwaogesha wazee wa watu, nikirudi nyumbani naanza zamu nyingine. Jioni ile nilitaka kitu kimoja tu, anitambue, hata kwa dakika moja.

Ukumbi ulikuwa Wembley, hapa London, juu ya duka la mazulia. Wapolinesia wenyewe walikuwa mapande ya watu, majani kiunoni, maua shingoni. Ngoma zilipolia hata glasi zilitikisika. Nikamkodolea macho mume wangu. Wapi! Alikuwa anakunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja tena.

Chakula kikaletwa: nguruwe waliyesema ameokwa chini ya ardhi (ardhi ipi, na mvua ile, sijui), magimbi, na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi. Akayaonja hayo majani. Akafumba macho.

"Kisamvu hiki," akasema, "kama cha mke wangu."

Moyo ukanilipuka. "Mkeo yuko wapi?"

"Kazini. Yule mwanamke anachapa kazi, we acha tu. Hapumziki."

Jamani! Sikujua nicheke au nilie. Nikamwongezea majani, nikijiambia amekaribia, bado kidogo tu.

Ndipo mshereheshaji akaita wanandoa wa miaka thelathini na zaidi wapande jukwaani wacheze. Sisi tuna thelathini na minne. Binti, tuliyekaa naye mezani, akanihimiza kwa Kiingereza chake, macho yamemjaa matumaini. Nikasimama, nikamshika mume wangu mkono. Watu wakapiga makofi.

Akauchomoa mkono wake taratibu, kwa adabu ileile iliyonifanya nikubali posa yake.

"Dada, nisamehe. Wewe ni mtu mwema, Mungu akubariki. Lakini mimi nina mke."

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Ee Mungu wangu, mwanamume huyu ananikataa mimi kwa ajili yangu! Nikakaa. Sikuwa na la kujaribu tena.

"Umefanya vizuri, kaka," nikamwambia.