Karatasi Mbili za Sellah

Sellah Nabwile wa Misikhu alikuwa fundi wa sare za shule, na mtu asikudanganye, mkono wake ulijua kazi. Kosa lake lilikuwa usingizi. Alisinzia cherehani ikizunguka, mguu ungali kwenye pedali, hadi siku sindano ilipopita kidoleni naye akakitazama kidole kama cha jirani. Hakupiga hata kelele. Tangu mumewe afariki alikuwa hivyo, ganzi mwili mzima, na watu wa sokoni walikuwa na majibu tele: majonzi, uvivu, hata mapepo. Hakuwa na nguvu za kubishana nao.

Manju, mama yake Sachin, mwenye duka la nguo mjini Bungoma alikoshonea Sellah, hakutaka habari za mapepo. "Sellah, enda hospitali. Kama ni ugonjwa, daktari aandike, mimi nitakungoja. Kama si ugonjwa, hiyo cherehani nitapatia mtu mwingine." Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Sellah, na hakuwa na nyingine.

Binti yake Nekesa, aliyeolewa Kitale, alimpeleka kliniki ya huko. Daktari Kiplimo alisikiliza habari za mkoromo unaokatika ghafla, akashuku kwamba pumzi humsimama akiwa usingizini. Akawapa kimashine cha kwenda kulala nacho nyumbani: mkanda wa kifua, kimrija cha pua na kibanio cha kidole. Kirudishwe asubuhi.

Nyumbani hapo ni kwa Nekesa, na kwa Nekesa ni kwa mumewe Wanyonyi. Mama mkwe wa Kibukusu halali chini ya paa la mkwewe. Hilo Sellah alilijua kabla ya kujua kushika sindano. "Mama, hayo ni ya kitambo bana," Nekesa alisema huku akitandika kitanda. Sellah akaitikia kwa mdomo tu. Alijifunga vyombo vyote, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda hadi kulipokucha. Kuketi si kulala. Kila usingizi ulipomnyemelea, alisimama. Aibu ni kali kuliko kahawa ya Mlima Elgon.

Karatasi ya majibu ikasema hana ugonjwa. Sellah aliona haya kueleza kwamba hakulala, akaipeleka Bungoma, na Manju akatimiza neno lake. Sellah alikunja tepu yake ya kupimia, akaenda zake. Njiani aliyangoja machozi, hayakuja.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Bahati yake, Kiplimo alimuumbua kabla ya kifo. Dalili za mama huyu zilikuwa nzito mno, hakuiamini karatasi yake mwenyewe, akampigia Nekesa simu. Nekesa akamuuliza mamake, "Mama, si ulilala ile siku?"

"Kwa mkwe wangu? Ningelalaje?"

Kiplimo hakucheka. Aliwaeleza kwamba kimashine kile hakijui kama mtu amelala au yuko macho. Huhesabu pumzi zilizokatika, kikazigawa kwa saa zote kilizowashwa. Ukikesha nacho, kitakusifu tu. Basi Wanyonyi mwenyewe akamlipia mama mkwe chumba cha gesti, huko akalala kama gogo, na karatasi ya pili ikasema ugonjwa upo, tena ni mkali. Nekesa alilia. Sellah alilisikia neno "mkali" likapita kama jina la mtu asiyemjua.

Dukani Bungoma, Manju alizishika karatasi zote mbili, moja kila mkono. "Hii inasema hauna. Hii inasema uko nayo. Na mashine ni ile ile! Sasa mimi niamini gani?"

Sellah alifungua kinywa aeleze habari za ukwe, akaona ni mlima wa kupanda. Mteja akaingia. "Kaa hapo kwanza," Manju alisema, akaenda kumpimia kitambaa. Sellah akaketi kwenye benchi.

Alichokuja kujua ni mikono ya Manju ikimtikisa mabega. Kitambaa kilikuwa sakafuni, na mteja amejiziba mdomo. Manju alikuwa akilia.

"Hukuwa unapumua! Nimeona na macho yangu, Sellah. Umekoroma, halafu kimya. Kimya kabisa!"

Sellah alimtazama mwanamke aliyemfuta kazi akitetemeka kwa ajili yake, akatamani naye aweze kuogopa kiasi hicho.

"Hiyo ndiyo karatasi ya pili, Mama Sachin," alisema.