Cheche ya Mapema kwenye Mlima wa Isiukhu

Mwanangu, siku nitakayoikumbuka hadi nizikwe ni ile tuliyompeleka Zakayo kwao Mautuma kumzika. Tulikuwa tumevuka mto Isiukhu, pikapu imeanza kupanda mlima, mara nikasikia injini inagonga, ka, ka, ka, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Watu waliokaa nyuma na jeneza walikuwa wakiimba, hawakusikia. Mimi nilisikia, nikamtazama dereva kama naye amesikia, kwa maana injini ile niliitengeneza mimi juzi yake.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi msaidizi wa Mzee Ingosi, gereji yetu ikiwa kando ya barabara pale Amalemba. Nyinyi siku hizi mnachomeka mashine kwenye gari, inawaambia kila kitu, na cheche inajipanga yenyewe. Sisi tulikuwa na distributa, kile kifaa kinachogawa cheche za kuchoma petroli, na masikio. Ukiizungusha distributa upande mmoja, cheche inawaka mapema, gari linakuwa jepesi ila likibeba mzigo linagonga na kuchemka. Upande wa pili, inachelewa. Na katikati kuna mahali padogo sana ambapo injini inaridhika; kazi ya kupatafuta tuliiita taimingi. Mzee Ingosi alikuwa na sheria moja: gari la mizigo halitoki gerejini mpaka lipakiwe mawe na kupandishwa mlima, fundi akiwa ndani anasikiliza. Mawe yenyewe yalikaa langoni, na mimi nilikuwa nimechoka kuyapakia na kuyapakua.

Mwenye pikapu alilalamika kwamba gari ni zito na linakunywa petroli. Mzee hakuwepo siku hiyo. Nikaisogeza cheche mbele, nikabana skrubu ya kabureta ili petroli ipungue, nikalijaribu gari likiwa tupu kwenye barabara tambarare. Lilikimbia ajabu. Mwenyewe alinisifu mbele ya watu, na kama unajua mgema akisifiwa hufanya nini, basi umenijua mimi wa siku hizo. Mzee aliporudi nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Sasa pikapu hiyo hiyo ndiyo iliyombeba Zakayo, jeneza na watu wanane, nami nimekaa mbele na dereva kwa kuwa mwenye gari alitaka fundi awepo. Katikati ya mlima mvuke ukatoka chini ya boneti. Dereva akazima. Alipojaribu kuwasha, injini ikapiga teke kurudi nyuma, ikagoma. Nyimbo zikakatika.

Unajua huku kwetu gari la maiti likisimama njiani watu husema nini: marehemu amekataa kwenda. Hezroni, kaka ya marehemu, alishuka taratibu, akalitazama jeneza, kisha akamtazama Rispa, mjane. Wawili hao hawakuwa wakipatana tangu Zakayo aanze kuugua. Hezroni alidai kuwa shemeji yake hakumtunza ndugu yake.

"Mtu akienda na uchungu hakubalingi kubebwa," akamwambia Rispa. "Mama Ayub, sema mbele yake ulimfanyia nini. Kama huwezi, shuka urudi Amalemba. Sisi tutaenda na yeye."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mjane ambaye hakusimama kaburini, angerudi Mautuma kudai nini? Nyumba ingekwenda, shamba lingekwenda, hata watoto wake wangeanza kuulizwa ni wa nani. Wazee wawili walitikisa vichwa kukubali. Rispa alisema polepole kwamba hana la kukiri, alimwosha na kumlisha mumewe mpaka mwisho. Hezroni akamwonyesha kwa kidole barabara ya kurudi.

Nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nitakuambia bila kupamba: niliogopa. Niliogopa kupigwa, niliogopa kufukuzwa kazi, na wazo baya kuliko yote likanijia, kwamba injini ikipoa itawaka tu, tutaondoka, na siri yangu itazikwa pamoja na Zakayo. Kwamba mama wa watu atakuwa ameshaachwa barabarani, hilo nililisukuma pembeni. Hata sasa nikilitaja nasikia aibu.

Mzee Ingosi, aliyekuwa akisali kanisa moja na marehemu, alishuka kutoka nyuma akasimama kando yangu. Hakunitazama.

"Ilianza kugonga tulipotoka darajani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilisikia, na wewe ulisikia. Injini imeshasema yake. Nangoja wewe."

Rispa alishika ubavu wa pikapu, akashusha mguu mmoja, akawa anatafuta ardhi.

"Mama, usishuke," nikasema. "Marehemu hajakataa. Ni mimi. Niliharibu hii injini, na sikuijaribu na mzigo."

Hezroni alinikamata ukosi wa shati, akataka kujua nimepewa nini ili nimtetee. Mzee Ingosi akatoa spana katika koti lake la mazishi, akanikabidhi, akasema nionyeshe wote wakiona. Hezroni akakubali kwa sharti: gari lisipowaka, tunashuka watatu, mimi, Mzee na Rispa. Vijana wakaleta maji kutoka mtoni. Tukangoja injini ipoe, na kungoja huko kulikuwa kurefu. Nikalegeza distributa, nikairudisha nyuma kiasi cha unene wa ukucha, nikafungua skrubu petroli ipite. Dereva akawasha, likawaka. Tukapanda polepole, nami nimetega sikio mpaka kileleni. Halikugonga.

Rispa alitupa udongo kaburini kama mke. Hezroni hakumwomba msamaha siku hiyo. Wapo Mautuma wanaosema hadi leo kwamba marehemu alikuwa anangoja tu nikiri, ndipo akakubali kwenda. Nimechoka kubishana nao.

Tukirudi, nilimuuliza Mzee kwa nini hakusema yeye mwenyewe. Akanijibu kwamba angesema yeye, ningebaki vile nilivyo. "Taimingi nitakufundisha upya," akasema. "Lakini ule muda ulionyamaza, huo hauna spana." Sijui kama alifanya vyema kuniachia, mama yule angeweza kushuka kabisa. Lakini maneno hayo yamenikaa.

Basi, mwanangu, ukisikia injini inagonga, usiongeze sauti ya redio. Uliza kwanza petroli ilitoka wapi, kwa maana iliyotiwa mafuta ya taa itagonga hata taimingi ikiwa sawa. Rudisha cheche nyuma kidogo kidogo, usiinyime injini petroli kwa kutafuta sifa, na ulipandishe gari mlima likiwa na mzigo kabla ya kumpa mwenyewe. Utakosea bado. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi kabla hakijamuumbua yeye, huanza na mtu asiye na kosa.

Mungu abariki mikono yako, mwanangu, akupe wateja wema na miaka mingi. Na siku utakapoharibu kazi, akupe nguvu ya kusema "ni mimi" kabla mwingine hajashushwa njiani kwa ajili yako.