Lokole ya Babu Haikuvuka Tena

Harufu ya mawese yaliyopashwa moto inatosha kunirudisha Lubunga, katika kiangazi kile nilipokuwa darasa la nne. Kila Jumamosi babu alinipa kitambaa chenye mawese nimsaidie kupaka lokole yake, ngoma isiyo na ngozi, gogo lililochongwa tundu refu juu. Jina la ukoo wetu lilikuwa na mapigo yake. Mtu wetu akifa, babu aliyapiga, na ndugu waliokuwa mjini, ng'ambo ya mto, waliacha kila kitu wakatafuta mtumbwi. Asiyepigiwa lokole, tuliamini, amezikwa kama mgeni. Babu aliahidi kunifundisha mapigo hayo mikono yangu ikipata nguvu.

Ndipo akaja Tonton Faustin, mdogo wa baba, kipenzi changu. Alikuwa amepata kazi kwenye jengo la mawe ambalo wakoloni waliwajengea askari wao, na ambalo sasa lilikuwa limegeuzwa makumbusho; sherehe ya kuyafungua ilikuwa karibu. "Papa, iko kuazima tu," alimwambia babu. "Fête ikiisha, miye mwenyewe nitairudisha. Parole," akaapa. Babu alimwamini, damu nzito kuliko maji. Lokole ikapakiwa mtumbwini.

Sherehe ikapita, mvua zikaanza. Nilishinda ukingoni nikikagua kila mtumbwi uliotia nanga, maana ahadi ni deni. Katika mvua hizo hizo babu akafariki. Tonton alifika msibani mikono mitupu, na baba alipomuuliza, alijibu akitazama viatu vyake: "Haiko tena ya famille. Iko ya État." Yaani imekuwa mali ya serikali, si ya ukoo. Tukamzika babu kimya. Dada yake aliyekaa Kabondo, ng'ambo ya mto, alipata habari sokoni, kaburi limekwisha kufukiwa. Nilimchukia Tonton kwa kadiri ile ile niliyokuwa nimempenda.

Mwaka huu, nami nimekwisha kuwa mtu mzima, Tonton mwenyewe alilala hoi huko huko Lubunga. Akanishika mkono. "Mutoto yangu, nikikufa, wapige lokole. Musinizike sawa mugeni." Nilitaka kumcheka usoni. Hata hivyo nilivuka mto hadi makumbusho kuiomba. Kuta za askari zimepakwa chokaa safi, bustani imefagiliwa, na lokole yetu imewekwa mlangoni, imekauka, haijaonja mawese tangu siku ile. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alichana tiketi yangu na kutumbukiza kipande chake ndani ya tundu la lokole, juu ya vingine vilivyojaa humo. Nilimweleza shida yangu. "Pole, papa," alisema. "Iko ya État."

Tonton alifariki juma lile. Siku hizi habari ya kifo huvuka mto kwa simu kabla maiti haijaoshwa. Ndugu walituma picha za mishumaa, na wachache mno walitafuta mtumbwi. Kabla ya kumteremsha, nilichukua kijiti nikagonga ubao wa jeneza, nimpigie jina letu hata hivyo, kwa mapigo niliyoyakumbuka kwa kuyasikia utotoni. Nikafika katikati, nikakwama. Mapigo yaliyobaki hakuna aliyewahi kunifundisha.