Jiwe Jeupe la Bi Amne

Saa moja asubuhi, maji yakiwa yameshatoka, kitu cha kwanza kinachoonekana kwenye matope ya Paje ni vipande vya kanga. Vimefungwa kwenye mawe: kimoja chekundu, kimoja cha njano, kimoja kimefifia hata rangi yake haijulikani.

Zamani havikuwapo. Mwenye shimo la makumbi alilijua jiwe lake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake.

Mwanapili Shaame, mwenye miaka hamsini na minane, anainama kwenye jiwe jeupe, kubwa kuliko yote. Anafungua kitambaa, analisukuma jiwe kando, anaanza kufukua kwa mikono. Makumbi ya nazi, yaliyofukiwa humo zaidi ya mwaka yalainike, yapigwe yatoe nyuzi, yanatoka meusi, na harufu yake inawafika watalii wanaotandaza mchangani matanga yao ya kuteleza juu ya maji.

"Miaka yote watu wakituzibia pua," anasema. "Leo chuo kinakuja kuitia harufu hii kwenye mifuko, kinaipeleka mjini."

"Mchumba wako huyo kaja!" anapaza sauti jirani yake, Thuwaiba, kutoka shimo la pili.

Anayekuja ni Anuar Kheir, mtafiti kijana wa chuo kikuu, amezama hadi magotini na viatu vyake.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, baba. Vua viatu. Hapa si maabara."

Anuar na wenzake wanatengeneza mbao za usumba, zile nyuzi za kumbi, wakizigandisha kwa gundi inayotokana na mimea. Wanataka siku moja mbao hizo zifunike mitambo ya umeme wa upepo inayosimama baharini.

"Chumvi hula chuma na huchosha plastiki," anasema. "Usumba uliizoea chumvi kabla sisi hatujazaliwa."

Mwanapili aliianza kazi hii akiwa na miaka tisa, nyuma ya mama yake, Bi Amne. Wakati huo pwani yote ilikuwa ya wanawake wa makumbi.

"Tukiyapiga makumbi kwa magongo, mlio unafika msikitini," anakumbuka. "Mtu akikosa siku moja, gongo lake linajulikana halipo. Jioni tunakwenda kumtazama, tushajua anaumwa."

Kikaja kilimo cha mwani, zikaja hoteli. Leo wamebaki wanne. Kilo ya usumba safi wanaiuza shilingi elfu tatu, nayo huchukua siku nzima kuipiga na kuianika.

Bi Amne alifariki miaka minane iliyopita, akaacha shimo moja halijafukuliwa, chini ya jiwe jeupe. Mwanapili hakuligusa.

"Nilikuwa nikipita naweka mkono juu ya jiwe, namsalimia, nnakwenda zangu."

Mwaka jana Anuar alipotaka makumbi ya miezi tisa, Mwanapili aliliepuka jiwe jeupe, akafukua shimo la pembeni, aliloamini ni lake mwenyewe. Makumbi yalipoonekana, yalikuwa yamepangwa kifudifudi, mstari kwa mstari, kama mabakuli kabatini. Mwanapili huyatupia tu. Aliyekuwa akiyapanga hivyo ni mama yake.

"Wageni wamesimama, mifuko iko wazi. Nikasema bismillahi, chukueni."

Baadaye alialikwa mjini. Katika chumba chenye kuta nene huko Mji Mkongwe, alikaa kwenye kiti cha plastiki akaitazama mashine ikiuvuta ubao uliotokana na makumbi yale, kuupima nguvu mpaka uvunjike.

"Ulilia kidogo, kama mlango. Kisha kimya. Kisha ta! Nikaona namzika mara ya pili."

Hapo ndipo alipomwambia Anuar yalikuwa makumbi ya nani. Anuar akampa nusu ya ubao ule, na mpaka leo uko juu ya kabati chumbani kwake.

"Ulivumilia kuliko zote tulizowahi kuzivuta," anasema Anuar. "Lakini ubao mmoja si ushahidi. Nataka kujua Bi Amne alilichagua vipi tope lake. Na anayejua amebaki mmoja."

Chuo kinamwomba Mwanapili awafundishe wasichana ishirini. Amekataa. Shimo hili la leo, anasema, ndilo la mwisho.

"Nimfundishe nani, na mimi nimelipoteza shimo la mama'ngu? Ndiyo haya matambara mnayoyaona. Akili imeshaanza kwenda."

"Labda jiwe lilihamishwa," anasema Anuar.

"Na nani? Bahari hailiwezi. Na jiwe la mtu haliguswi, hata mtoto wa Paje anajua."

Thuwaiba, safari hii, hana utani. Anaendelea kufukua.

Mtoto mmoja wa Paje alijua, na aliligusa.

Niliacha shule darasa la tano, na Bi Mwanapili ndiye aliyenipa gongo. Nilipochimba shimo langu la kwanza, kabla Anuar hajaja kutaka makumbi, mawe yangu yalikuwa mepesi, nikaogopa maji yatanichukulia makumbi. Nikalibingirisha jiwe jeupe hadi juu ya shimo langu. Siku ya tatu aibu ikanishinda, nikalirudisha. Maji yalikuwa yakijaa, yamekwishakuwa machafu, chini sioni. Nikaliacha juu ya shimo la pembeni, la Bi Mwanapili, nikidhani ndilo la Bi Amne.

Siku ya kufukua nilikuwapo, nimeshika mdomo wa mfuko. Nilimwona alivyoyatazama yale makumbi yaliyopangwa. Sikusema.

Leo nimesimama pale pale, na daftari mkononi, nikiandika kwa ajili ya habari hii kila alichosema. Sikusema.

Bi Mwanapili, hukusahau kitu. Jiwe nililihamisha mimi. Yafungue hayo matambara.