Fundi Aliyejifanya Hajui Kitu

Pantaleo alisomea useremala miaka mitatu kwa wamisionari, akatoka na cheti chenye muhuri. Mwaka 1936 alikipeleka kwenye mgodi mmoja upande wa Geita. Bwana mwenye mgodi hata hakukisoma. "Watu wa shule wana midomo," alisema. "Mimi nataka migongo."

Sasa niambieni, mtu afanye nini? Pantaleo alikuwa na mke, Limi, mwenye mimba ya kwanza. Akaenda mgodi wa pili, cheti kakiacha nyumbani, akasema yeye ni mchunga ng'ombe tu. Akapewa sururu siku hiyo hiyo. Wenzake wengi walificha hivyo hivyo. Mwashi mmoja, Theonest, alijisahau akamwambia bwana kwamba ukuta umepinda, na kabla ya jua kuzama alikuwa barabarani na blanketi lake.

Mageni, kaka yake Limi, alichimba shimo moja na Pantaleo. Mwezi wa tano nyapara Maganga akasimamisha nguzo mpya za kuzuia mwamba usishuke. Zilikuwa fupi, wala hazikukazwa kwa kabari; kati ya mti na mwamba mkono ulipita. Nguzo isiyogusa mwamba haizuii kitu, hilo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja analijua. Pantaleo alisimama akazitazama.

Maganga akamwona anavyotazama. "Una neno, mchunga ng'ombe?"

"Sina, bwana."

Hakumwambia hata Mageni, maana shemeji huyo hakuwa na kifua cha kutunza siri. Alijipa moyo kwamba pengine mwamba wenyewe ni mgumu. Uongo mtupu, na alijua. Siku tatu alipita chini ya nguzo zile ameinamisha kichwa. Siku ya nne, yeye akiwa nje anasukuma toroli, mwamba ulishuka ukamuua Mageni na wenzake wawili.

Maiti ya Mageni ililazwa uani kwa Limi. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akamgeukia mumewe.

"Wewe umesomea mbao," alisema. "Ulipita pale kila siku. Hukuona kitu?"

Pantaleo aliinama akaweka sawa shuka lililomfunika Mageni.

"Sikuona."

Limi akamwamini. Walipomaliza kuzika, Pantaleo alichukua sururu yake akarudi mgodini, maana kazi bado alikuwa nayo.